Baada ya Tunda: Kishawishi cha Pili katika Visasili vya Dini

Makala haya yamezaliwa na ubishi wa semina. Ilikuwa semina ya fasihi simulizi, mada ni visasili vya asili ya binadamu, na mwenzetu aliyekuwa akiwasilisha alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo lisilohitaji ushahidi, kwamba katika kisa cha bustani Hawa ndiye aliyemponza Adamu. Dada mmoja aliyekaa nyuma karibu na dirisha akauliza neno moja tu: "Wapi?" Hatukumwelewa. Akarudia: "Imeandikwa wapi?" Tukacheka, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, maana swali lilionekana la kitoto. Nani asiyejua habari za Hawa? Mwasilishaji akapekua makaratasi yake, akayafunga, akasema ni jambo linalofahamika. Muda ukaisha, tukaenda kula.

Jioni ile swali lilinirudia. Nikaenda maktaba nikachukua vitabu viwili, Biblia ya Kiswahili na tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, nikaviweka sambamba mezani. Niseme mapema kwamba mimi nimepita madrasa tangu nikiwa na miaka sita, na kwa hiyo nilidhani nusu ya kazi ile nimekwisha imaliza kichwani. Kumbe sikuwa nimeianza.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu istilahi. Nikisema kisasili sina maana ya uongo. Nina maana ya kisa ambacho jamii inakishika kuwa ndicho kinachoeleza kwa nini mambo yako kama yalivyo: kwa nini tunakufa, kwa nini tunazaa kwa uchungu, kwa nini ardhi inatutoa jasho. Kama kisa hicho kilishuka kwa wahyi au kilitungwa kando ya moto, hilo si la mhakiki kuamua katika ukurasa huu. La mhakiki ni kusoma kilichoandikwa.

Basi, kimeandikwa nini? Katika Mwanzo 3 nyoka anazungumza na mwanamke, hilo ni kweli. Lakini matini ya Kiebrania ina neno linaloonyesha kwamba mumewe alikuwa pamoja naye alipompa tunda, neno ambalo baadhi ya tafsiri zimeliacha kando. Adamu hakuwa shambani analima huku nyumbani kukiharibika. Kama alikuwa pale, alikuwa kimya. Katika Kurani mambo ni wazi zaidi. Sura ya 7, aya ya 20, Shetani anawatia wasiwasi wote wawili. Sura ya 20, aya ya 120, anayetajwa kutiwa wasiwasi ni Adamu, kwa jina lake, na aya inayofuata inasema Adamu ndiye aliyemuasi Mola wake. Mke hata jina hana ndani ya Kurani. Jina la Hawa limekuja kwetu kwa njia ya hadithi za Mtume na masimulizi. Nyoka hayupo. Tunda la aina fulani halipo.

Sasa bibi yangu, aliyekuwa akitusimulia kisa hiki barazani baada ya isha, alikuwa na nyoka, alikuwa na tausi aliyemsaidia Ibilisi kupenya peponi, na alikuwa na Hawa aliyekula kwanza kisha akambembeleza mumewe mpaka akakubali. Alikuwa Mwislamu safi asiyekosa swala. Hakujua kwamba sehemu kubwa ya simulizi yake haimo msahafuni, bali imetoka katika visa vya mitume vilivyotungwa na kuongezwa chumvi kwa karne nyingi, vile ambavyo wanazuoni wenyewe huviita Israiliyati na kuvitilia shaka. Simlaumu bibi. Ninachouliza ni hiki: katika safari hiyo ndefu ya kisa kutoka kitabuni mpaka barazani kwetu, kwa nini kilichoongezwa ni hicho na si kingine?

Jibu langu ni kwamba visa hivi vina vishawishi viwili, na sisi tumezoea kuchambua kimoja tu. Kishawishi cha kwanza ni tunda: kula, kutaka, kugusa kilichokatazwa. Cha pili kinakuja baada ya kula, pale sauti inapouliza, umefanya nini? Hapo mtu anashawishika kumtafuta wa kumtupia. Naona cha pili ndicho kinachomfunua binadamu zaidi, kwa sababu cha kwanza kilimkuta mhusika peke yake ndani ya kisa, lakini cha pili kinamkuta pia msimulizi, na msikilizaji, na mwanafunzi anayewasilisha semina.

Tazama mazungumzo ya Mwanzo 3:12 na 13. Mungu anamuuliza mwanamume kama amekula. Mwanamume hasemi nimekula mpaka mwisho wa sentensi. Anaanza na mwanamke, na hamtaji hivi hivi tu, anasema ni mwanamke ambaye wewe Mungu ulinipa niwe naye. Kwa sentensi moja amewashitaki wawili, mkewe na Muumba wake, kisha ndipo lile tendo lake dogo la kula linakuja mkiani. Mwanamke naye anaulizwa, anamtaja nyoka. Nyoka hata haulizwi kitu. Hukumu inaanzia kwake. Ingekuwa tamthiliya ningesema mtunzi amejua kazi yake: hakuna mtu anayesema neno "mimi" bila kwanza kumsogeza mwingine mbele.

Linganisha na Kurani 7:23. Wanaulizwa wote wawili kwa pamoja, na wanajibu kwa kauli moja kwamba wamezidhulumu nafsi zao. Hakuna anayemnyooshea mwenziwe kidole. Lakini usidhani kwamba lawama haimo katika sura hiyo. Imo, aya chache nyuma. Ibilisi, baada ya kukataa kumsujudia Adamu, anamwambia Mungu kwamba kwa kuwa wewe umenipoteza, basi nitawavizia viumbe wako njiani. Umenipoteza wewe! Yaani maneno ambayo katika Mwanzo yamewekwa kinywani mwa Adamu, hapa yamewekwa, kwa maana ile ile, kinywani mwa Ibilisi. Niliposoma hivyo niliinuka kitini. Kitabu kimoja kinasema kutupa lawama ndiyo tabia ya binadamu wa kwanza. Kingine kinasema ndiyo tabia ya Shetani, na kwamba binadamu alijulikana kwa kutofanya hivyo.

Na hapa kuna swali ambalo madrasa kwetu lilikuwa linamkasirisha mwalimu: Ibilisi naye alishawishiwa na nani? Tulikuwa tunauliza kwa utundu, ili somo lichelewe. Lakini ni swali zuri kihakiki. Hakushawishiwa na mtu. Alijitazama akaona moto, akamtazama Adamu akaona udongo, akajiona bora. Kisa chenyewe basi kinakiri tangu mwanzo kwamba uasi hauhitaji mshawishi wa nje. Anayehitaji mshawishi ni yule anayejitetea.

Kuna aya nyingine ambayo sijapata kuisikia ikitajwa katika masimulizi ya barazani, ya 22 katika sura ya Ibrahim. Siku ya hukumu imekwisha pita, watu wa motoni wanamgeukia Shetani, naye anawaambia wasimlaumu yeye, wajilaumu wenyewe, kwani yeye aliwaita tu nao wakaitika; hakuwa na nguvu juu yao. Fikiria kejeli iliyopo hapo. Yule aliyeanza kisa kwa kumlaumu Mungu anakimaliza kwa kuwafundisha binadamu wasilaumu wengine. Ni mwalimu mbaya, lakini somo ni sahihi.

Lugha yetu nayo imetoa ushahidi wake bila kuulizwa. Neno "wasiwasi" kwa asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono, na katika aya nilizotaja ni mnong'ono wa Shetani sikioni. Kiswahili kimelichukua kikalifanya hali ya moyo: nina wasiwasi, usiwe na wasiwasi. Mnong'onaji ametoweka, umebaki mnong'ono, nao uko ndani yetu. "Fitina" imekwenda njia nyingine. Kwa Kiarabu ni mtihani, jaribu la kumpima mtu. Kwetu fitina ni maneno ya jirani yanayogombanisha watu. Nani aliyekaa akaamua hivyo? Hakuna. Lakini ukiyaweka maneno haya mawili pamoja unaona wazungumzaji wa Kiswahili wamemtoa Shetani jangwani wakamgawa mafungu mawili, moja moyoni, jingine uani kwa jirani. Na tukiulizwa, tunataja lile la jirani kwanza.

Kisa kinachonisaidia zaidi ni cha Yusufu, ambacho pwani yetu imekipenda kiasi cha kukitungia utenzi. Wengi tunakijua kama kisa cha kijana msafi na mwanamke mwovu. Kiini hicho ni kikongwe kuliko vitabu vyote viwili ninavyovizungumzia. Ipo hadithi ya Misri ya kale, kwenye mafunjo yaliyohifadhiwa British Museum, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, ya ndugu wawili, Anpu na Bata. Mke wa Anpu anamtaka Bata, anakataliwa, anajipaka mafuta aonekane amepigwa, anamshitaki kwa mumewe. Mwisho Anpu anajua ukweli, anamuua mkewe na kumtupia mbwa. Kwa hiyo mwanamke huyu alikwishakuwepo akisubiri kisa cha kumpokea.

Katika Mwanzo 39 amepokelewa vivyo hivyo, karibu bila mabadiliko. Lakini sikiliza anavyosema kwa mumewe. Anasema ni yule mtumwa Mwebrania uliyetuletea. Uliyetuletea! Ni muundo ule ule wa Adamu: mwanamke uliyenipa, mtumwa uliyetuletea. Mshitakiwa mmoja yuko mbele na mwingine amejificha ndani ya kirejeshi cha kitenzi. Nadhani sarufi haijapata kutumiwa vibaya kwa ustadi kama huo. Baada ya hapo Yusufu anafungwa, hajapewa hata mstari mmoja wa kujitetea, na mwanamke anatoweka kabisa. Amefanya kazi yake ya kumpeleka Yusufu gerezani, msimulizi hana haja naye tena.

Kurani, sura ya 12, inakisimulia kwa namna nyingine, na hapa nitakaa kidogo. Kwanza aya ya 24 haimfanyi Yusufu jiwe. Wafasiri wamebishana sana juu yake, lakini inavyosomeka kwa kawaida ni kwamba mwanamke alimkusudia, naye angemkusudia lau si ile dalili ya Mola wake aliyoiona. Usafi wake basi una thamani kwa sababu damu ilikuwa ikichemka. Pili kuna ushahidi wa kanzu: ikichanwa mbele, mwanamke amesema kweli, ikichanwa nyuma, amesema uongo. Imechanwa nyuma. Hapo, katika aya ya 28, inakuja kauli maarufu kwamba hila za wanawake ni kubwa.

Kauli hii nimeisikia mara ngapi! Harusini, dukani, kwenye daladala, kila ikitajwa anaongezewa Mungu kuwa ndiye msemaji. Lakini ndani ya kisa anayesema si Mungu. Ni mume, kama wengi wanavyosoma, mtu ambaye dakika ile ile amegundua aibu ya nyumba yake. Na kosa la mke mmoja amelifanya la wanawake wote, kwa wingi. Kisha mkubwa huyu na wenzake, ushahidi wa kanzu wakiwa nao mkononi, wanamtia Yusufu gerezani. Sisi wanafunzi wa fasihi tunafundishwa mwaka wa kwanza kabisa kutenganisha sauti ya mhusika na sauti ya mtunzi. Inakuwaje tukifika hapa tunasahau?

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kurudi kwa mwanamke. Kabla ya kurudi kwake anafanya jambo ambalo ni kishawishi cha pili hasa: anawaalika wanawake wa mjini waliokuwa wakimsengenya, anawapa visu, anamwita Yusufu apite mbele yao, wanajikata mikono kwa kushangaa, naye anawaambia, huyu ndiye mliyenilaumia. Yaani uzuri wa Yusufu ndio wenye makosa. Anatengeneza mashahidi wa kumtetea. Miaka inapita, Yusufu yuko gerezani, mfalme anaitisha uchunguzi, na katika aya ya 51 mwanamke yule yule anasema kwamba sasa ukweli umedhihiri, mimi ndiye niliyemtaka, naye ni mkweli. Hakumtaja mtumwa, hakumtaja mume, hakumtaja Shetani.

Halafu inakuja aya ya 53, ambapo mtu anasema hajitakasi nafsi yake, kwani nafsi huamrisha maovu. Mtu gani? Kiarabu hakina alama za kunukuu pale. Wafasiri wamegawanyika: wengine wanasema ni Yusufu, wengine wanasema ni mwanamke anaendelea na ungamo lake. Nimeisoma mara nyingi kwa sauti, nikimpa huyu, nikimpa yule. Inakaa kwa wote wawili. Sijui kama nimeona mahali pengine katika fasihi ambapo mshitaki na mshitakiwa wanaweza kugawana sentensi moja bila msomaji kuhisi kasoro. Ukiniuliza ninampa nani, ninampa mwanamke, kwa sababu ameifanyia kazi.

Visa vingine nitavipita upesi. Marafiki wa Ayubu wanaposhikilia kwamba lazima ametenda dhambi ndiyo maana anateseka, walioshawishika ni wao, siyo Ayubu, na mwisho ndio wanaokaripiwa. Kisa cha Yesu jangwani (Mathayo 4, Luka 4) kinafundisha kwamba mshawishi anaweza kunukuu Zaburi vizuri sana, jambo ambalo sisi wahakiki tungelitafakari. Kwa Waganda, Kintu na Nambi wameonywa wasirudi nyuma wanaposhuka kutoka kwa Ggulu, wasije wakafuatwa na Walumbe, yaani kifo. Umesahauliwa ulezi wa kuku. Katika masimulizi yaliyoandikwa yapo matoleo ambamo Nambi ndiye anayerudi kuuchukua, na yapo ambamo anayerudi ni Kintu, mkewe akimsihi asiende. Wanafunzi wenzangu kutoka Uganda niliowauliza wanalijua lile la Nambi tu. Hawakuwahi kusikia jingine, kama mimi nilivyokuwa sijasikia kwamba katika Sura ya 20 anayetiwa wasiwasi ni Adamu.

Wapo watakaosema, haya ni mambo ya vitabu, yana uzito gani? Nitatoa mfano mmoja. Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja tukiwa mstarini, msichana wa kidato cha tatu aliitwa mbele akiwa na begi lake. Alikuwa na mimba. Wakati ule ndivyo ilivyokuwa, msichana mwenye mimba alifukuzwa. Ni mpaka Novemba 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba wanaokatishwa masomo kwa sababu hiyo wanaweza kurudi shuleni. Mwalimu wa zamu alitoa nasaha. Alianza na bustani. Akasema tangu Hawa, mwanamume anaponzwa. Wavulana tukacheka, kama tulivyocheka semina. Mwanamume mwenyewe hakutajwa, siyo jina, siyo kazi yake, wala kama alikuwa mwanafunzi au mtu mzima. Alikuwa katika kisa kile kama Adamu wa zile tafsiri zilizoacha neno moja la Kiebrania: alikula, lakini haijulikani alikuwa wapi.

Hata hivyo sitaki kumaliza kana kwamba wenye kosa ni walimu wa zamu na mabibi wa barazani. Hapo nami nitakuwa nimekula tunda la pili. Katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi (1971), Zakaria anampiga bintiye kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana, na Rosa, akiisha toka mikononi mwa baba huyo, anaanguka mara baada ya mara mpaka anajiua. Mwandishi hakuishia hapo, akawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wakalaumiane huko. Nilipoisoma mwaka wa kwanza niliandika insha ya kurasa nne kumtia hatiani Zakaria, na nyuma ya Zakaria nikapanga mfumo dume, ukoloni, na jamii kwa ujumla. Alama zilikuwa nzuri. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Na Rosa je?" Nilikasirika nikadhani anamtetea Zakaria. Sasa naona alikuwa anauliza kitu kingine. Nilikuwa nimempa Rosa watetezi wote niliowajua, na katika kurasa zote nne sikumpa hata mara moja nafasi aliyopewa mke wa Aziz, ya kusema neno "mimi". Lakini nikimpa leo, akasimama kama yule msichana wa mstarini, akasema ni mimi, na wote wengine wakanyamaza kwa furaha? Hapo ndipo nimekwama. Dada wa dirishani nimempa makala haya ayasome kabla hayajaenda kwa mhariri. Ameyarudisha na alama ya kuuliza kwenye aya hii, bila maelezo.